Tumbusi Hasambazi Maradhi

Kwa kuwa anakula mizoga, wengi humdhania tumbusi kuwa ndege mchafu anayeeneza magonjwa. Si kweli. Asidi ya tumboni mwake ni kali mno, nayo huua vijidudu vingi vilivyomo kwenye nyama iliyooza.

India ilijifunza kwa uchungu. Tangu miaka ya 1990, tumbusi walikufa kwa mamilioni kwa kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki, dawa ya maumivu (ya kawaida kabisa kwetu binadamu) inayoharibu figo za ndege hao. Mizoga ikabaki ikioza, mbwa wa mitaani wakaongezeka, na pamoja nao hatari ya magonjwa. Dawa hiyo ilipigwa marufuku kwa mifugo mwaka 2006, lakini ndege hawa hutaga yai moja tu kwa msimu, kwa hiyo idadi yao huongezeka polepole.