Kipimo cha Uchunguzi wa Awali: Tunayodhani na Yaliyo Kweli

Dhana iliyoota mizizi zaidi kuhusu uchunguzi wa awali, yaani kuwapima watu wasio na dalili, ni kwamba kipimo chochote kinachobaini ugonjwa mapema ni kipimo kizuri. Korea Kusini ilipoanzisha mpango wa taifa wa uchunguzi wa saratani mwaka 1999, watu wengi wasio na dalili walipimwa pia tezi ya shingo kwa ultrasaundi, na kufikia 2011 kiwango cha waliokutwa na saratani ya tezi hiyo kilikuwa takriban mara 15 ya kile cha 1993. Vifo havikupungua. Uvimbe mwingi ulikuwa mdogo, wa aina ambayo isingemsumbua mwenyewe hadi mwisho wa maisha yake, lakini wengi walipasuliwa, na walioondolewa tezi yote wakabaki kumeza homoni kila siku. Ni kwa sababu ya hatari kama hiyo vigezo vya wataalamu Wilson na Jungner vya kuamua lini uchunguzi wa awali unafaa, vilivyochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1968, havikuishia kwenye kipimo chenyewe: vilidai pia mwenendo wa ugonjwa ueleweke na matibabu yanayokubalika yawepo.

Wengine huamini kwamba kipimo kizuri kikisema unaumwa, basi unaumwa. Tuchukue mfano wa watu 10,000 ambao 100 kati yao ni wagonjwa, na kipimo kinachowanasa wagonjwa 90 kwa kila 100, huku kikiwatia hofu bure watu 5 katika kila 100 walio wazima. Wagonjwa 90 watapatikana, lakini wazima 495 nao wataambiwa wana tatizo. Majibu hayo, kwa hiyo, ni sababu ya kupimwa zaidi, wala si hukumu.

Ipo pia dhana kwamba kipimo rahisi ni duni. Katika uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, mhudumu hupaka asidi ya siki na kusubiri kama dakika moja aone iwapo sehemu yoyote inageuka nyeupe; mabadiliko yakionekana na yakifaa kutibiwa papo hapo, mama hutibiwa siku hiyohiyo. Kipimo cha vinasaba vya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hiyo, hunasa zaidi, nacho ndicho kinachopendekezwa sasa, tena mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Hata hivyo, sampuli ikisafirishwa maabara ya mbali na majibu yasimfikie, ubora huo haumsaidii yeye.