Usichore chura wa kitabuni

Nafundisha Baiolojia kidato cha tano na cha sita, wanafunzi wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) na CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia). Wanatoka kidato cha nne wakiwa mahodari wa kukariri; sehemu za seli watakutiririshia bila kukwama. Kutazama ndiko kunakowashinda.

Siku ya kupasua chura inalionyesha hilo waziwazi. Chura ameshauawa kwa klorofomu, amelazwa chali kwenye trei yenye nta, miguu yote minne imebanwa kwa pini. Ngozi inakatwa kwanza, peke yake. Chini yake kuna ukuta wa misuli, na katikati kabisa ya tumbo unauona mshipa mwekundu uliokolea. Wengi hupitisha mkasi hapohapo. Mshipa ukikatika damu inatapakaa, huoni kitu tena. Kata pembeni yake kidogo, ncha ya mkasi ikiinuliwa ili isitoboe matumbo. Halafu mimina maji yamfunike: viungo vinaelea, vinaachana, unaanza kuona.

Msimu mmoja wa mvua nilimkuta binti akichora korodani za chura, mistari safi, majina yote sahihi. Nikamwomba aweke penseli chini aniambie anaona rangi gani tumboni.

"Nyeusi, Mwalimu. Vidude vidogovidogo, vimejaa."

"Ni nini?"

Akainama, akavisukuma kwa ncha ya pini. "Mayai." Akachukua ufutio.

Alikuwa amechora chura wa kitabuni, dume, huku mbele yake amelala jike. Ni kosa lilelile la vipimo vya chakula: mtu anaandika "nyekundu ya tofali" hata kabla ya kuchemsha myeyusho wa Benedict, ule wa kupimia sukari, kumbe wake umeishia kijani kwa sababu sukari ni kidogo. Kijani nacho ni jibu.

Mtihani ni wa Kiingereza, najua. Lakini kwenye trei nawaacha waseme kwanza kwa Kiswahili wanachokiona. Majina ya Kiingereza yanafuata, na yanakaa.

Wiki ijayo tunampasua mende. Tezi zake za mate ni nyeupe, laini mno, zimejibanza kando ya kifuko cha chakula. Ukiuvuta utumbo kwa pupa zinakatika, na mende huyo hana nyingine.