Unanyonyesha na umepewa antibaiotiki? Soma hapa kabla hujamnyima mtoto ziwa

Hapa Moshi hili swali naulizwa sana dirishani duka la dawa, mama kashika kibahasha kimeandikwa 1x3, mtoto mgongoni, na ashaambiwa nyumbani asinyonyeshe mpaka dozi iishe. Nayajibu hapa yale yanayojirudia.

Swali: Nimeandikiwa amoxicillin, niache kunyonyesha?

Jibu: Hapana mamaangu, endelea. Dawa inapita kwenye maziwa ndio, ila kinachomfikia mtoto ni kidogo mno, na hiyo hiyo amoxicillin watoto wenyewe wanaandikiwa wakiugua nimonia. Ampiclox, cephalexin, nazo hazina shida kwa mama anayenyonyesha. Kinachonisumbua mimi ni yule mama anayeacha siku tano nzima anampa kichanga maziwa ya ng'ombe na maji, mtoto anaanza kuharisha, na maziwa ya mama nayo yanapungua kwa sababu titi lisiponyonywa linapunguza kutengeneza.

Swali: Na Flagyl je? Naambiwa ni kali.

Jibu: Dozi ya kawaida ya kila siku unaendelea kunyonyesha tu. Maziwa yanaweza kubadilika ladha kidogo, kwa hiyo mtoto akigoma goma usishtuke. Ila ukipewa gramu 2 umeze zote kwa mpigo, baadhi ya miongozo inashauri usubiri masaa 12 mpaka 24, basi kamua kabla hujameza umwekee mtoto, halafu yale unayokamua katikati hapo unamwaga.

Swali: Zipo za kuogopa?

Jibu: Za kuulizia kwanza zipo. Septrin na nitrofurantoin (hii wanapewa sana wenye UTI) zina shida kwa kichanga cha chini ya mwezi mmoja, au mtoto mwenye manjano, au mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, wengine huzaliwa nacho kidogo), na Septrin tuiangalie pia kwa njiti. Chloramphenicol ya kumeza au sindano, epuka. Doxycycline kwa siku chache inakubalika, sio dozi ya wiki na wiki. Ndo maana nasisitiza, ukifika kwa daktari au duka la dawa sema mwenyewe "nanyonyesha, mtoto ana umri huu", usingoje kuulizwa, maana mtoto wa wiki mbili na wa miezi nane hawafanani kabisa.

Swali: Titi limevimba, jekundu, lina moto na nina homa. Mamamkwe anasema maziwa yameharibika nisimpe mtoto.

Jibu: Mamamkwe anamwonea mjukuu huruma, mweleze kwa upole, ila maziwa hayajaharibika na mtoto hayatamdhuru. Hilo titi ndo linatakiwa linyonywe, maziwa yakikaa humo yanaweza kuleta jipu mpaka lipasuliwe. Kama linauma sana anza na lile zima, yakianza kutiririka mhamishie, au kamua kwa mkono. Weka kitambaa cha baridi, meza paracetamol, nenda hospitali ukaonwe. Mtori endelea nao.

Swali: Nitajuaje kama dawa inamsumbua mtoto?

Jibu: Choo kinaweza kuwa chepesi kidogo, au utando mweupe mdomoni usiofutika, au vipele sehemu za nepi. Mara nyingi ni vya muda, ila utando mpeleke akatibiwe, na wewe uangaliwe chuchu. Akivimba uso, akatokwa vipele mwili mzima au akapumua kwa shida, hapo hospitali saa hiyo hiyo. Hivyo hivyo akiharisha damu, akilegea au akikataa kabisa kunyonya.

Swali: Nimeze kabla au baada ya kunyonyesha?

Jibu: Ukiweza meza ukishamaliza kunyonyesha. Ukishindwa, meza tu muda wako ukifika, usiruke dozi kwa sababu ya mtoto, na usikatishe siku ya pili eti umepata nafuu. Ukiona dawa inakushinda rudi kwa aliyekuandikia akubadilishie.