Je, wajua? Dawa ya malaria inaweza kupiga kimeng'enya ambacho hata wewe unacho

Hivi dawa inawezaje kuua kimelea cha malaria kilichojificha ndani ya seli yako nyekundu ya damu, bila kukuua wewe mwenyewe?

Mimi kwa muda mrefu nilikuwa najibu hivi: wanasayansi wanatafuta kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia ndani ya seli) ambacho kimelea kinacho na binadamu hana, wanakiziba, basi. Ni jibu linaloingia akilini haraka, na ndiyo maana nililiamini miaka. Lakini si sahihi, au tuseme ni sahihi nusu tu.

Chukua SP, yaani vidonge vyenye sulfadoksini na pirimethamini. Sulfadoksini inaziba kimeng'enya kinaitwa DHPS, kinachosaidia kutengeneza folati (vitamini ya kundi B), na hicho kweli sisi hatuna maana folati tunazipata kwenye chakula wakati kimelea kinajitengenezea. Hapo nilikuwa sawa. Sasa njoo kwa pirimethamini, yenyewe inapiga kimeng'enya kingine, DHFR, na DHFR wewe unayo, kila seli inayogawanyika mwilini mwako inaihitaji ili kujenga DNA! Kinachokuokoa ni kwamba zile mbili zinafanya kazi moja lakini maumbo yanatofautiana, kama viatu vya ndugu wawili, kazi ni ileile ila mguu wa huyu hauingii vizuri kwenye kiatu cha yule. Pirimethamini inashika ya kimelea kwa nguvu zaidi sana kuliko inavyoshika yako. Halafu mwaka 2002 watafiti wakaonyesha kitu kingine: DHFR ya binadamu ikizibwa seli zetu zinaweza kutengeneza nyingine kufidia, kimelea hakina ujanja huo.

Upande wa pili nao ulinishangaza. Kimelea kina kijisehemu kinaitwa apikoplasti, ni mabaki ya mwani uliomezwa na mababu zake zamani sana, na ndani yake kuna vimeng'enya ambavyo binadamu hana kabisa. Fosmidomaisini inapiga kimojawapo. Kwa kanuni yangu ile hiyo ndiyo ingekuwa dawa ya ndoto, ila ilipojaribiwa peke yake kwa wagonjwa ilishusha vimelea upesi, kisha kwa baadhi yao ugonjwa ukarudi, maana mwili unaitoa haraka mno.

Na kuna plasmepsini, vimeng'enya vinavyokata hemoglobini ambayo kimelea kinakula. Kwenye mfuko wake wa kumeng'enyea zipo aina nne, na zilitafutiwa dawa miaka mingi. Watafiti wakaja kufuta jeni za zote nne, kimelea kikaendelea kuishi, polepole kidogo lakini kipo! Plasmepsini nyingine za nje ya mfuko huo, ya tisa na ya kumi, ndizo zilizokuja kuonekana muhimu kweli, kimelea kinazihitaji ili kuingia kwenye seli na kutoka.

Kwa hiyo kuuliza "binadamu anacho?" hakutoshi. Lazima uulize pia "kimelea kikikosa hiki, kina njia nyingine?" Na hapo ndipo kimeng'enya kinachoitwa DHODH kinaponivutia kuliko vyote.

DNA ina herufi nne. Mbili, A na G, kimelea kinaokota malighafi yake kutoka kwa mwenyeji. C na T kinalazimika kuzijenga chenyewe kuanzia mwanzo, na DHODH ni hatua mojawapo ya ujenzi huo. Fikiria nyumba mbili. Ya kwanza ina kisima na pia ina tenki la maji ya mvua, ya pili ina kisima tu. Ukifukia visima vyote viwili nyumba ya kwanza itabana matumizi, ya pili itakauka. Seli zako ni ile nyumba yenye tenki, zinaweza kuokota na kutumia tena malighafi za C na T zilizokwisha tengenezwa. Kimelea ni ile ya kisima tu, na kila saa 48 kwa Plasmodium falciparum (aina mojawapo ya kimelea cha malaria) kinatoa watoto 16 hadi 32, kila mmoja anataka nakala yake nzima ya DNA.

Lakini mfano huu usiubebe mbali sana. Seli za kinga zinazogawanyika kwa kasi zinakitegemea kisima hata kwako, ndivyo leflunomaidi, dawa ya baridi yabisi, inavyofanya kazi, inaziba DHODH ya binadamu. Kwa hiyo dawa ya malaria bado lazima ichague kisima cha kimelea, na bahati nzuri pale inapokaa dawa pametofautiana sana kati yetu na chenyewe.

Na kuna hili, naomba ulisome taratibu maana ni tamu. DHODH ya kimelea inategemea mitokondria, kijisehemu cha seli ambacho kwa kawaida hujulikana kwa kuzalisha nishati. Mwaka 2007 watafiti walikipa kimelea DHODH ya hamira, ambayo haitegemei mitokondria. Ghafla atovakwoni, dawa inayozima mfumo wa elektroni kwenye mitokondria, haikukisumbua tena. Maana yake katika hatua ya damu mtambo wote ule unahitajika hasa kwa ajili ya kuihudumia DHODH moja! Ndani ya mbu hali ni tofauti, huko mitokondria ina kazi zaidi.

Dawa ya kupiga DHODH, DSM265, ilijaribiwa Peru kwa dozi moja, na kwa baadhi ya wagonjwa wa falciparum vimelea vilirudi vikiwa na badiliko kwenye kimeng'enya chenyewe. Tatizo hilohilo liliipata pirimethamini zamani. Ndiyo maana napenda wazo la P218, dawa ya DHFR iliyobuniwa Thailand: imepimwa ikae ndani ya nafasi ileile ambayo kimeng'enya kinashikia chakula chake cha asili, haitokezi nje, kwa hiyo kimelea kikibadilisha umbo kuisukuma dawa kuna hatari kubwa ya kusukuma na chakula pia.