Divisheni za askari wa miguu za Ujerumani hazikwenda vitani kwa magari

Wengi huamini kwamba jeshi la Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili lilikuwa jeshi la vifaru na malori. Picha hiyo ilijengwa na filamu za propaganda za wakati ule, ambazo wapiga picha wake walipenda zaidi safu za vifaru kuliko askari waliochoka kwa mwendo.

Ukweli ni kwamba, Ujerumani ilipoivamia Urusi ya Kisovyeti Juni 1941 kwa divisheni (vikosi vikubwa vya jeshi) takriban 150, za vifaru hazikufika 20. Sehemu kubwa ya zilizobaki ilikuwa divisheni za kawaida za askari wa miguu. Divisheni ya namna hiyo mwaka 1939 ilikuwa na watu wapatao 17,000, rejimenti (vikosi vilivyounda divisheni) tatu za askari wa miguu zenye batalioni (vikosi vidogo zaidi) tatu kila moja, rejimenti ya mizinga, na farasi wapatao 5,000, ambao ndio waliovuta mizinga mingi na mikokoteni ya chakula na risasi. Uvamizi huo ulihitaji farasi zaidi ya 600,000, kwa sababu viwanda havikutosheleza mahitaji ya malori na mafuta yalikuwa haba. Kwa hiyo vifaru vilipotangulia, askari walivifuata kwa miguu, nyuma kwa siku kadhaa, na majeshi ya Kisovyeti yaliyozingirwa na vifaru hivyo yalipata mianya ya kupenya na kutoroka.

Hasara zilipozidi, muundo wenyewe ulipunguzwa: kuanzia mwishoni mwa 1943, rejimenti nyingi zilibakiwa na batalioni mbili, huku farasi wakiendelea kuvuta mizinga hadi 1945.