Barua, barabara na muhuri: vile wananchi wanasukuma serikali

Kazi yangu kwenye taasisi ni kuelimisha raia, na swali naulizwa kila mahali, kuanzia Kayole mpaka Kawangware, ni hili: sisi tukiongea, nani anaskia? Ni swali la haki kabisa, na nataka kulijibu na mambo yaliyotokea hapa hapa Nairobi.

Anza na Juni 2024 juu kila mtu anaikumbuka. Watu wengi wanakumbuka tarehe 25 pekee, siku Bunge liliingiliwa, halafu kesho yake rais akakataa kutia saini Mswada wa Fedha, ule wa ushuru mpya. Lakini rudi nyuma kidogo. Ile ushuru wa asilimia 16 kwa mkate na ile ya asilimia 2.5 kwa gari ziliondolewa tarehe 18, wiki nzima kabla. Wakati huo vijana walikuwa wameusoma mswada kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakauweka TikTok hadi mama wa kibanda anajua mafuta ya kupikia yataguswa vipi, na upande mwingine waoka mikate na wenye viwanda nao walikuwa wanalalamika kwa njia zao. Barabara, yaani maandamano, na kamati za Bunge zilikutana siku moja. Na gharama yake tusiifiche, kuna familia zilizika watoto wao waliouawa wakiandamana kupinga mswada wa ushuru, na Kifungu cha 37 cha Katiba kinasema kuandamana kwa amani bila silaha ni haki ya kila mtu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa, kuna makundi ya aina mbili hapa. Kuna yenye ofisi, wanachama wanaolipa ada na mawakili: COTU ya vyama vya wafanyakazi, KNUT ya walimu, madaktari na chama chao, wenye matatu, wenye viwanda. Hawa hawangojei mambo yachemke, wako kwenye milango ya wizara mwaka mzima, wanajua karani gani anashika faili gani. Si kwamba wanashinda kila mara, 2017 wenye viwanda walienda kortini kuzuia marufuku ya mifuko ya plastiki na marufuku ikaanza tu Agosti 28 kama ilivyopangwa. Halafu kuna vuguvugu, hilo halina ofisi wala mwenyekiti, nguvu yake ni wingi wa watu na hasira yenye sababu, na shida yake ni kwamba hasira ikipoa hakuna mtu amebaki kwenye mlango wa wizara.

Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alilijua hili mapema sana. 1989 serikali ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, na enzi zile kuandamana ilikuwa ni kujitafutia seli. Alichofanya ni kuandika barua. Akaandikia ofisi ya rais, akaandikia waliotaka kujenga, akaandikia mabalozi wa nje akiwauliza kama wao wangekubali bustani za miji yao zijengwe hivyo. Alitukanwa mpaka Bungeni, lakini wenye pesa wakaanza kuogopa na jumba likafa. Ukipumzika pale Uhuru Park jumapili na watoto, unakalia kazi ya barua.

Mfano ninaoupenda zaidi lakini ni Mukuru, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, kwa sababu haukuwa wa mtu mmoja jasiri, ulikuwa wa majirani. Muungano wa Wanavijiji, umoja wa wakazi wa mitaa ya mabanda, ulianza 1996 kupinga kubomolewa kwa nyumba, na kwa miaka wenyeji walitembea ploti kwa ploti, wakahesabu nyumba, vyoo, mifereji, wakaandika mtu analipa ngapi kwa mtungi wa maji. Ikatokea kwamba mtu wa Mukuru ananunua lita ya maji ghali kuliko mtu wa mitaa ya kifahari. Afisa wa kaunti anaweza kukuambia unapiga kelele, lakini mbele ya ramani na hesabu anabaki kunyamaza. 2017 kaunti ikatangaza Mukuru eneo maalum la kupangwa upya, na baadaye barabara zikaanza kuingia. Je, mambo yakaisha? Hapana, 2021 maelfu walibomolewa nyumba Mukuru kwa Njenga kupisha barabara. Ushindi wa sera unalindwa kila mwaka, usipoulinda unachukuliwa.

Nirudi kwa yule mtu anauliza nani anaskia. Kuna kikao cha bajeti nilihudhuria kwenye ukumbi mmoja wa wodi, tangazo lilitoka siku mbili kabla, watu kama thelathini, wengi wakaongea na uchungu kuhusu taka na taa za barabarani, na karani akaandika mstari mmoja: "wakazi wanaomba huduma bora." Mama mmoja muuza samaki hakuongea sana. Alitoa ukurasa wa daftari, jina la soko, idadi ya wauzaji, choo kimefungwa tangu lini, pesa zitoke fungu gani. Karani alilazimika kuibandika ile karatasi nzima kwa ripoti.

Kwa hivyo kama una jambo: serikali ya kaunti inapeleka makadirio ya bajeti kwa bunge la kaunti kabla ya Aprili 30, na baada ya hapo kamati inapokea maoni, usingoje Juni wakati wanapitisha. Andika jina la mswada, kifungu, tatizo, na maneno unayotaka yawekwe badala yake, ukurasa mmoja unatosha na Kiswahili kinakubalika. Mkiwa kumi wekeni sahihi kumi. Peleka nakala mbili kwa ofisi ya karani wa bunge la kaunti, City Hall, moja waichukue, na ile nyingine usitoke mlangoni kabla haijapigwa muhuri na tarehe.