Barafu "Ikirudi Nyuma" Haitembei Kinyumenyume: Ufafanuzi Kuhusu Svalbard

Tangu kanuni mpya za mazingira za Svalbard, visiwa vya Norwei vilivyo katika Aktiki, zianze kutumika tarehe 1 Januari 2025, sisi wanajiolojia tumekuwa tukiulizwa kwa nini ufukwe wa changarawe tupu ulindwe kama gofu la kale. Swali ni la haki, na jibu lake linaanzia kwenye barafu ya kale.

Yapata miaka 20,000 iliyopita, Bahari ya Barents, iliyo kati ya Norwei na Svalbard, ilikuwa imefunikwa na barafu nene iliyokalia sakafu ya bahari yenyewe. Sehemu kubwa ya barafu hiyo ilijikokota, lakini katika mabonde, ilipolalia matope laini yaliyolowa maji, iliteleza kwa kasi iliyoweza kufikia mamia ya mita kwa mwaka. Huo ndio mkondo wa barafu, wala si mto wa maji kama wengi wanavyoandika. Mkubwa miongoni mwake ulipita Bjørnøyrenna, bonde la chini ya bahari lenye upana wa takriban kilomita 150.

Tunaposema barafu "ilirudi nyuma", hatumaanishi kwamba iligeuza safari. Barafu iliendelea kusonga mbele. Kilichorudi ni ukingo wake, uliokuwa ukiyeyuka na kumeguka upesi kuliko barafu ilivyoletwa kutoka nyuma. Ukingo ulipotua, udongo ulishushwa mahali pamoja hadi ukawa tuta. Ulipoondoka kwa haraka, ilibaki mifereji mirefu iliyokwenda sambamba, na juu yake mikwaruzo iliyopinda huku na huko, ambayo ni alama za mapande makubwa ya barafu yaliyoelea yakiburuta matumbo matopeni. Haya yote yanaonekana katika ramani za sakafu zinazopimwa kwa mawimbi ya sauti, zikiwemo za mradi wa MAREANO wa Norwei.

Nchi kavu nayo, ilipotuliwa mzigo wa barafu, iliinuka. Katika kisiwa cha Kongsøya, mashariki mwa Svalbard, fukwe za kale zimepanda kufikia mita 100 hivi juu ya bahari, ngazi baada ya ngazi, na ndani ya changarawe mna mifupa ya nyangumi na magogo yaliyoletwa na maji, ambayo tukiyapima umri kwa kaboni tunajua bahari ilifika wapi, na lini.

Kuhusu utaratibu: katika maeneo mengi makubwa yaliyohifadhiwa, wageni sasa wanashushwa katika sehemu 43 zilizoainishwa, na meli inayoingia humo haipaswi kubeba abiria zaidi ya 200. Kuendesha chombo cha moto nje ya barabara penye ardhi isiyo na theluji ni marufuku. Anayekiuka anaweza kutozwa faini, na kosa likiwa zito, kufungwa. Safari nyingi za mbali na makazi hutolewa taarifa mapema kwa ofisi ya Gavana wa Svalbard, pamoja na uthibitisho wa bima ya uokoaji.

Mfupa ukisogezwa ngazi moja tu, ili mtu aukalie apigwe picha, umri wake utapimwa sawasawa, lakini utahesabiwa kwa ufukwe usio wake.